Kuingia ndotoni ukiwa na fahamu zako
Anayetaka kuingia ndotoni moja kwa moja bila kupoteza fahamu asijaribu anapopanda kitandani usiku, kwa sababu usingizi wa mwanzo huwa mzito na wenye ndoto chache, ilhali ndoto ndefu huja karibu na alfajiri. Tega kengele ikuamshe baada ya kulala kwa muda wa saa 5 hivi, kaa macho dakika 20 au 30 bila kushika simu, kisha jilaze chali uhesabu pumzi polepole, ukiuacha mwili ulale huku akili ikishikilia hesabu hiyo tu. Baada ya muda utaona vimulimuli na sura zikipita nyuma ya kope. Zitazame bila pupa, kwani ukizikodolea hutoweka. Huenda pia ukahisi mwili umekufa ganzi na kifua kimelemewa, hali ambayo wengi wetu tumelelewa tukiiita kukabwa na jinamizi, kumbe ni ubongo unaoilegeza misuli ili mwili usiigize ndoto, nayo hupita yenyewe. Ukijikuta umesimama mahali ndani ya ndoto, sugua viganja kwanza ili utulie, maana furaha ya ghafla huamsha. Binafsi sishauri zoezi hili usiku wa kuamkia siku ya kazi.