Kuchagua Kompyuta ya Mtumba kwa Michezo ya Simulesheni, Hatua kwa Hatua

Kazi yangu ni kutengeneza na kuunganisha kompyuta za mezani hapa Dar es Salaam, na vijana wanaotaka kuendesha malori, mabasi au ndege kwenye kompyuta huniuliza swali lilelile: "Fundi, hela yangu ni ndogo, ninunue kadi gani?" Kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini, si mahali pa kuanzia. Katika michezo kama Euro Truck Simulator 2 au Cities: Skylines, mashine inakokotoa mambo mengi ambayo mchezaji hayaoni: mwendo wa kila gari barabarani, uzito wa trela linapokata kona, njia ya kila mkazi kutoka nyumbani hadi kazini. Sehemu kubwa ya hesabu hizo huangukia kori chache tu (vitengo vya kukokotoa) za prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na moja ikichelewa, nyingine zote huisubiri. Ndiyo maana mtu hufunga kadi ya gharama kwenye prosesa ya zamani, kisha lori lake linakwamakwama kila linapoingia mjini.

Hatua ya 1: Amua mchezo kabla ya kuamua mashine

Andika kwenye karatasi mchezo mmoja au miwili utakayoicheza kweli, kisha soma mahitaji yake. Euro Truck Simulator 2 ilitoka mwaka 2012, na ingawa imeboreshwa mara nyingi, bado inavumilia mashine ya kawaida. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ni jambo jingine kabisa: kiwango chake cha chini ni prosesa ya Intel Core i5-4460, RAM ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski, na kiwango kinachopendekezwa ni Core i5-8400, kadi ya GTX 970 na RAM ya gigabaiti 16. Juu ya hayo, mchezo huo huvuta picha za ardhi kutoka intaneti wakati ndege iko angani, kwa kasi inayopendekezwa ya megabiti 20 kwa sekunde. Anayeishi kwa vifurushi vya simu atalipia kila safari. Kwa mtu huyo ninapendekeza X-Plane 11, kwa sababu mandhari yake hukaa kwenye diski. Ukishaipakua mara moja, unaruka bila kugusa bando.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa, usisome jina

Wauzaji wengi hutangaza "Core i7" na kuishia hapo. Jina hilo peke yake halikuambii kitu. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, na Core i3-8100 ya mwaka 2017 inaipita kwa kasi ya kori moja, ambayo ndiyo simulesheni inaihitaji zaidi. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, katika namba hizi za tarakimu nne, ndiyo kizazi. Herufi ya mwisho nayo ina uzito: Core i7-7500U ya kompyuta mpakato ina kori 2 tu na imebanwa kwenye wati 15, wakati Core i5-7500 ya mezani ina kori 4 na inafika gigahezi 3.8. Mnunuzi asiyejua hulipa zaidi kwa ile ya kwanza kwa kuwa imeandikwa i7.

Ushauri wangu ni kutafuta kizazi cha nane kwenda juu, hasa Core i5-8400 au i5-8500, zenye kori 6. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi hicho, isipokuwa chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mabadiliko hayo yamezifanya ofisi nyingi za Ulaya na Marekani kuachana na mashine zao za zamani, kwa hiyo kizazi cha sita na cha saba utakipata kwa bei ya chini. Ukikichagua, kichague ukijua kwamba upande wa programu kina mwisho ulio karibu.

Hatua ya 3: Chunguza kasha na pawasaplai

Hapa ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea. Kompyuta za ofisini kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk huja katika maumbo matatu. Ile ndogo ya kubebeka mkononi kama kitabu haina mahali pa kufunga kadi ya kawaida ya grafiki, iache. Ile nyembamba ya kulala inapokea kadi fupi pekee, na kadi hizo ni chache, tena huuzwa ghali kuliko ndugu zake warefu. Ya tatu ni mnara, na huo ndio unaoutafuta.

Fungua ubavu wa kasha usome kibandiko cha pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Mashine hizi hubeba wati mia mbili na kitu, na nyaya zake mara nyingi haziendani na tundu la pini 24 la ATX, mpangilio wa kawaida wa kompyuta za mezani, kwa hiyo huwezi kwenda dukani ukanunua pawasaplai kubwa na kuichomeka tu. Hali hiyo inakuamulia kadi: ile inayopata umeme wake wote kupitia tundu la PCI Express inamochomekwa, ambalo hutoa hadi wati 75.

Hatua ya 4: Sasa ndipo kadi

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zote zina gigabaiti 4 na zimepangiwa wati 75. Ya pili ina nguvu zaidi na ndiyo ninayoifungia wateja wengi. Hata hivyo, baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya wa ziada wa umeme; ukiliona, rudisha kadi kwenye kabati. RX 6400 hutumia wati 53 tu na inavutia, lakini inapitisha data kwa njia nne pekee, na kwenye madabodi (ubao mkuu) hizi za PCI Express 3.0, toleo la zamani la tundu hilo, njia hizo hupungukiwa nusu ya kasi iliyokusudiwa.

Kadi bandia zipo nyingi. Kijana mmoja aliniletea "GTX 1050 Ti" aliyoinunua kwenye duka ambalo sitalitaja. Kabla hata ya kuwasha mashine niliona tundu la VGA, lile la bluu lenye matundu 15. Kadi za kizazi cha GTX 10 hazitoi mawimbi ya VGA, kwa hiyo tundu hilo pekee lilitosha kunitia shaka. Programu ya GPU-Z, inayosoma utambulisho wa kadi, ilipofunguka, neno "FAKE" lilikuwa limeandikwa mbele ya jina la kadi: ilikuwa kadi ya zamani iliyobadilishwa utambulisho. Alikuwa amedunduliza fedha hizo kwa miezi, na hakuwa na risiti.

Hatua ya 5: RAM na diski

Weka RAM ya gigabaiti 16, kwa vipande viwili vya gigabaiti 8 ili data ipite kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Mchezaji wa Cities: Skylines anayependa kuongeza majengo na modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) ataimaliza yote. Mchezo wenyewe uukalishe kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Hatua ya 6: Jaribu mashine kabla ya kulipa

Nenda na flashi yenye programu za ukaguzi: CPU-Z ya prosesa, GPU-Z ya kadi, CrystalDiskInfo ya diski na HWiNFO ya joto. Hakikisha namba ya prosesa ni ile uliyoambiwa, kisha tazama afya ya diski. Mwisho ifanyishe mashine kazi nzito kwa dakika 20 huku ukifuatilia joto. Prosesa ikipita nyuzi 90 haraka, huenda pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo chake, imekauka au feni imejaa vumbi. Ni tatizo la kurekebishika, na ni sababu halali ya kuomba bei ipungue. Muuzaji anayekataa jaribio hili mwache, hata kama bei yake ni nzuri.

Hatua ya 7: Bakiza fedha ya umeme

Katika kila mafungu kumi ya bajeti, mimi hutenga fungu moja kwa ajili ya UPS (betri ya akiba umeme unapokatika) au stebilaiza (kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka). Pawasaplai hizi za ofisini zikiungua, kupata mbadala wake huchukua muda.

Hatua ya 8: Rekebisha mchezo wenyewe

Katika Euro Truck Simulator 2 anza na vioo vya pembeni, kwa sababu kila kioo hulazimisha mashine kuchora barabara upya kwa upande wa nyuma. Shusha ubora wake hadi wa chini, acha kipimo cha ukuzaji wa picha kwenye asilimia 100, na utumie skrini ya 1920 kwa 1080. Kisha endesha ndani ya mji mkubwa wakati wa mvua, usiku, kwa dakika kumi. Fremu (picha zinazochorwa) 40 kwa sekunde zisizoyumba zinafaa kuliko 70 zinazoporomoka kila penye mataa.