Kutafuta herufi ndani ya mfuatano kwa strchr katika lugha ya C

Katika lugha ya C, mfuatano wa herufi ni safu ya char inayokomea kwenye baiti yenye thamani ya sifuri, yaani '\0'. Kutafuta herufi, basi, ni kuipitia safu hiyo tangu mwanzo hadi herufi ipatikane au sifuri ifikiwe. Anayejifunza aandike kitanzi chake mwenyewe walau mara moja. Katika kazi halisi atumie strchr, kitendakazi cha maktaba ya C kilichotangazwa katika string.h.

```c
#include <stdio.h>
#include <string.h>

int main(void) {
    const char *neno = "Zanzibar";
    const char *p = strchr(neno, 'z');
    if (p != NULL)
        printf("%td\n", p - neno);
    return 0;
}
```

Programu hii huchapisha 3 wala si 0, kwa kuwa Z kubwa na z ndogo ni herufi mbili tofauti, na nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri. Kinachorudishwa na strchr si namba ya nafasi, bali ni kielekezi cha mahali herufi ilipo katika kumbukumbu. Ndiyo maana tumetoa anwani ya mwanzo (p - neno) ili kupata nafasi. Herufi isipokuwepo hurudishwa NULL, yaani kielekezi kisichoelekeza popote, na kuisoma *p bila kuhakiki kwanza kunaweza kuiangusha programu.

Ili kuzihesabu a zote, endelea kutafuta kuanzia baada ya ile uliyoipata:

```c
int idadi = 0;
for (p = neno; (p = strchr(p, 'a')) != NULL; p++)
    idadi++;
```

Mtego unaowanasa hata wazoefu ni ule wa '\0', kwa sababu strchr huihesabu kuwa sehemu ya mfuatano. Sharti kama if (strchr("aeiou", c)), linaloandikwa mara nyingi ili kutambua irabu, hutimia pia c ikiwa sifuri, na kitanzi cha hapo juu kikipewa '\0' badala ya 'a' kitavuka mwisho wa safu. Hakikisha kwanza kuwa c si sifuri.

Ukitaka herufi ya mwisho, mathalani mkwaju (/) wa mwisho katika njia ya faili, tumia strrchr. Kiswahili cha hati ya Kilatini hakina shida hapa, maana kila herufi yake ni baiti moja. Lakini katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, herufi za Kiarabu huchukua baiti mbili au zaidi, na hizo hutafutwa kwa strstr, inayotafuta mfuatano mzima badala ya baiti moja.