Kununua Boti Kubwa ya Injini ya Nje Ukiwa Unaishi Nairobi

Juzi nimerudi kutoka Mtwapa na jirani yangu wa South B, aliyekuwa akitafuta boti ya futi 26 ya kuvulia na kutembelea na familia. Kwenye treni akaniomba nimwandikie tuliyofanya, maana shemeji yake naye anataka kununua.

1. Boti italala wapi?
Naivasha iko kilomita 90 hivi tu, lakini nguru, jodari na sulisuli hawako huko. Mimi ningeiweka Mtwapa au Kilifi, ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), mbali na mawimbi ya upepo wa kusi.

2. Injini
Mbili za nguvu farasi 115, za mipigo minne (four-stroke). Wako watakaokwambia moja ya 250 ni nyepesi na hunywa kidogo. Ni kweli, ila hiyo moja ikizima nje ya mwamba huna ya kukurudisha.

3. Tezi
Ndiyo nyuma ya boti. Igonge kwa mpini wa bisibisi sehemu yote injini zinapofungwa. Sauti kavu ni nzuri. Ikilia bubu, mbao ndani ya faiba imelowa. Achana nayo, hata akushushie bei nusu.

4. Kujaribu injini
Hapa usiharakishe. Boti yangu ya kwanza iliwashiwa juu ya trela kwa maji ya mpira, ikanguruma vizuri dakika 5, nikalipa. Siku ya kwanza baharini, dakika ya 20, king'ora cha joto kikalia na injini ikajipunguza nguvu. Wavuvi wa mashua walituvuta saa tatu nzima, tukafika ufuoni giza limeingia. Njia za maji ndani zilikuwa zimeziba kwa chumvi na mapezi ya pampu ya maji yamekatika. Maji yalikuwa bado yanatoka kwenye tundu la nyuma ya injini, linaloonyesha kuwa maji ya kupoza yanazunguka, ndiyo maana sikushtuka mapema.

Kwa hiyo fika kabla ya saa mliyoagana, uguse injini kwa kiganja. Ukiikuta na joto, ujue imeshawashwa, na injini inayosumbua kuwaka asubuhi hutulia ikishapashwa. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fundi atoe plagi zote apime mgandamizo wa kila silinda. Namba hutofautiana kwa injini na kwa kipimo. La kutazama ni silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Kisha legeza skrubu ya chini ya gia, oili idondoke kidogo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Halafu nendeni baharini saa nzima, na watu na mafuta ya safari ya kawaida. Fungua hadi mwisho usome mizunguko. Injini nyingi za aina hii hutakiwa kufika kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Kitabu chake kitakwambia hasa. Isipofika, usiseme imekufa. Huenda mwani umeota chini ya boti, au propela ina mwinamo mkubwa mno (mwinamo, yaani pitch, ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja). Kila inji 1 ya mwinamo ukiipunguza, unapata mizunguko 150 hadi 200. Za jirani yangu zilikwama 4,800. Fundi akatuazima propela za mwinamo wa inji 17 badala ya 19, zikapanda hadi 5,200.

5. Karatasi
Namba za injini zilingane na hati ya mauzo. Leseni na ukaguzi ni KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya.

6. Mafuta
Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

7. Mtunzaji
Tafuta mtu kabla ya kulipa boti, umlipe kwa mwezi, si kwa safari. Wewe uko kilomita karibu 500 na chumvi haikungoji. Kila boti ikirudi, injini ioshwe ndani kwa maji matamu dakika 10 hadi 15, naye akutumie video maji yakitoka. Muulize anayateka wapi: visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi. Wangu nilimwambia ayaonje kwanza.