Jinsi ya Kutazama Mapambano ya Vituko ya MMA ya Japani, Hatua kwa Hatua

Tarehe 28 Agosti 2002, kwenye Uwanja wa Taifa wa Tokyo, mpiganaji wa Brazil Antonio Rodrigo Nogueira alimvamia Mmarekani Bob Sapp miguuni ili amwangushe. Sapp alimkamata kiunoni, akamnyanyua kama gunia la mkaa, akamgeuza kichwa chini miguu juu, kisha akamshindilia sakafuni. Nogueira alikuwa na kilo mia na kidogo, Sapp zaidi ya 150.

Kipande hicho cha sekunde kumi kinazunguka kwenye simu za watu mpaka leo, na wengi wakishakiona hudhani wameliona pambano. Hawajaliona. Aliyeshinda usiku ule ni Nogueira.

MMA ni mapambano yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukaba; ya vituko ni yale yanayokutanisha watu wasiolingana kabisa, au nyota ambao si wapiganaji. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuliona pambano zima na kuelewa kilichokuwa kinaendelea. Nimekuwa nikiyafuatilia haya kwa miaka mingi, na ninayapenda kwa dhati. Hatua zenyewe hazilingani uzito: nyingine ni za dakika tano, nyingine zitakuchukua wiki nzima.

Hatua ya 1: Jua mambo haya yalianzia wapi

Anza na Muhammad Ali. Tarehe 26 Juni 1976, hata miaka miwili haijatimia tangu amwangushe George Foreman pale Kinshasa, Ali alipanda ulingoni Nippon Budokan, Tokyo, kupambana na mwanamieleka Antonio Inoki. Inoki alitumia sehemu kubwa ya raundi 15 akiwa amelala chali, akimpiga Ali mateke ya miguuni. Matokeo yakawa sare, watazamaji wakanung'unika, na miguu ya Ali ikaumia vibaya. Lakini swali lilikuwa limeshapandwa: bondia na mwanamieleka wakikutana, nani zaidi?

Wajapani hawakuliacha swali hilo. Satoru Sayama, aliyekuwa maarufu kwa mieleka ya kinyago, alianzisha Shooto katikati ya miaka ya 1980, moja ya mashirika ya kwanza ya kuandaa mapambano ya namna hii. Pancrase ya Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki ilifanya onyesho lake la kwanza Septemba 1993, miezi miwili kabla ya UFC, shirika la mapambano kama hayo, kuzaliwa Marekani. PRIDE, kampuni nyingine ya Kijapani ya mapambano, ikafuata Oktoba 1997.

Kisha televisheni ikaingia, na bila televisheni huwezi kuvielewa vituko. Usiku wa 31 Desemba, familia za Kijapani hukaa nyumbani mbele ya runinga, bibi na wajukuu pamoja, na desturi ni kutazama tamasha la nyimbo la Kohaku la NHK. Ukitaka kumvuta bibi aache Kohaku, humwekei bingwa wa uzito wa kati ambaye hajawahi kumsikia. Unamwekea sura anayoijua: bingwa wa sumo, mchekeshaji wa runinga, mcheza besiboli. Tarehe 31 Desemba 2003 vituo vitatu vilirusha mapambano kwa wakati mmoja, na Sapp alipokutana na bingwa wa sumo Akebono kule Nagoya, kwa dakika chache waliokuwa wakiwatazama walikuwa wengi kuliko wa Kohaku. Halikuwahi kutokea jambo kama hilo.

Hatua ya 2: Pata jina sahihi kabla ya kutafuta

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika jina kwa herufi zetu, wanapata vipande vilevile vilivyokatwa, wanakata tamaa.

Fungua ukurasa wa mpiganaji kwenye Wikipedia kwa lugha yoyote unayoijua. Nenda kwenye orodha ya lugha, chagua 日本語. Nakili jina lililo juu ya ukurasa, ulibandike kwenye sehemu ya kutafutia video. Akebono ni herufi moja tu: 曙. Sapp ni ボブ・サップ. Kisha ongeza mojawapo ya maneno haya:

- 総合格闘技, yaani MMA yenyewe
- 無差別級, pambano lisilo na kikomo cha uzito. Hili ndilo neno la dhahabu, maana vituko vingi vimejificha humo.
- 大晦日, siku ya mwisho ya mwaka
- 煽りV, filamu fupi ya utangulizi inayoonyeshwa kabla ya pambano

Hilo la mwisho usilidharau. Filamu za utangulizi za Daisuke Sato, aliyezitengeneza kwa PRIDE na baadaye kwa kampuni za DREAM na RIZIN, hukueleza kwa dakika mbili tatu nani anamchukia nani na kwa nini. Hata usipoelewa neno moja la Kijapani, utaelewa.

Angalia pia mtego wa majina ya maonyesho. Maonyesho ya PRIDE ya 31 Desemba yaliitwa Otoko Matsuri huko Japani, na Shockwave nje ya nchi. Lakini lile la Agosti 2002 liliitwa Dynamite! kwao na Shockwave kwa wageni. Baadaye K-1, waandaaji wa mapambano ya ngumi na mateke, wakalichukua jina la Dynamite!! kwa maonyesho yao ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo usilitegemee jina la onyesho. Shika tarehe.

Hatua ya 3: Soma sheria za pambano hilo hilo

Usichukulie kwamba sheria ni moja. Fungua rekodi ya mpiganaji kwenye Sherdog au Tapology, tovuti za matokeo ya MMA. Kama pambano unalolitafuta halimo, yaelekea lilichezwa kwa sheria za ngumi na mateke tu, bila kwenda chini. Sapp na Akebono wa 2003 ni mfano: lile lilikuwa la K-1, na wengi huliita MMA kwa makosa.

PRIDE walitumia ulingo wa kamba, siyo kizimba. Raundi ya kwanza dakika 10, zilizofuata dakika 5. Kumkanyaga aliyelala na kumpiga teke la kichwa kuliruhusiwa. Kiwiko cha kichwani kwa aliye chini kilikatazwa. Uzito ukitofautiana sana, mwepesi alipewa haki ya kuchagua kama mateke na magoti ya kichwani kwa aliye chini yatumike au la. Aliyezembea alipewa kadi ya njano na kukatwa asilimia 10 ya malipo yake. Ukijua hili la kadi, utaelewa kwa nini mtu aliyekuwa amebana vizuri kabisa anaamua ghafla kuachia na kushambulia.

Na zipo sheria zilizotungwa kwa ajili ya usiku mmoja. Tarehe 31 Desemba 2010, Shinya Aoki alikutana na Yuichiro Nagashima, mpiga ngumi na mateke anayeingia ulingoni amevaa kama wahusika wa katuni. Walikubaliana raundi ya kwanza iwe ya K-1, ya pili iwe ya MMA. Aoki, mtaalamu wa kukunja viungo, alipoteza muda raundi nzima ya kwanza kwa kukumbatia na kujiangusha, akijua ya pili ni yake. Kengele ikalia, akachupia miguu, akakutana na goti. Sekunde nne. Bila kujua sheria, utaona mtu amezimia tu. Ukizijua, utaona hesabu yote ya dakika tatu ikivunjika.

Hatua ya 4: Tafuta chanzo kizuri, na tunza bando

Maktaba ya PRIDE iko UFC Fight Pass, huduma ya video ya kulipia ya UFC, maana wamiliki wa UFC waliinunua PRIDE mwaka 2007. RIZIN, iliyoanzishwa 2015 na Nobuyuki Sakakibara aliyekuwa kiongozi wa PRIDE, huweka mapambano mengi mazima bure kwenye chaneli yake ya YouTube. Anzia hapo. Mimi nilianza na CD za kunakili za mtaani, na moja niliyoisubiri kwa hamu ilikatika dakika moja kabla ya mwisho. Maumivu yale nayakumbuka hadi leo.

Mapambano ya kabla ya 2007 hivi yalirekodiwa kwa picha ya kawaida. Kuyatazama kwa 1080p ni kuchoma bando bure. 480p inatosha kabisa.

Sauti acha ya Kijapani. Utasikia jinsi ukumbi unavyokaa kimya, kisha watu wote wanaguna pamoja kwa sababu mtu mmoja amesogeza goti inchi mbili. Mashabiki wale walikuwa wanajua wanachokitazama, na ukimya wao utakufundisha uangalie wapi.

Hatua ya 5: Anza na haya, kwa mpangilio huu

Kwanza, Daiju Takase na Emmanuel Yarborough, PRIDE 3, Juni 1998. Yarborough alikuwa bingwa wa sumo wa ridhaa mwenye zaidi ya kilo 250. Takase alikuwa na kilo themanini na kitu, na hilo ndilo lilikuwa pambano lake la kwanza. Raundi ya kwanza karibu yote anazunguka ulingo akikwepa, na utatamani kuruka mbele. Usiruke. Raundi ya pili Yarborough anampata, anamlalia, na kwa sekunde kadhaa Takase haonekani. Kisha anachomoka kutoka chini ya mlima ule na kuanza kupiga mpaka Yarborough anakubali. Mwaka 2003, huyu huyu Takase alimkaba Anderson Silva kwa miguu akamshinda. Watu wanaosema vituko vilikuwa vya wasiojua kupigana, waonyeshe hilo.

Pili, Ikuhisa Minowa na Giant Silva, Julai 2005. Silva aliichezea Brazil mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya 1988, na waliokuwa wakitazama mieleka ya WWF mwishoni mwa miaka ya 1990 watamkumbuka. Minowa ana sentimita 175. Anamwangusha mapema, na magoti yanafanya yaliyobaki. Ukimpenda Minowa, na utampenda, mfuate hadi 2009: aliwashinda Bob Sapp, Hong Man Choi wa sentimita 218, na Mkameruni Sokoudjou, akatwaa ubingwa wa mashindano ya DREAM yaliyopewa jina la Super Hulk. Katika mashindano hayo hayo Choi alimtoa José Canseco, nyota wa besiboli wa Marekani. Hilo litazame mara moja tu, linatosha.

Tatu, Don Frye na Yoshihiro Takayama, Juni 2002. Huku hakuna tofauti kubwa ya maumbile. Wanashikana shingo kwa mkono mmoja na kupigana kwa mwingine, uso kwa uso, bila kukwepa. Sina la kuongeza.

Nne, Bobby Ologun na Akebono, 31 Desemba 2005. Ologun ni mzaliwa wa Nigeria aliyepata umaarufu kwenye vipindi vya kuchekesha vya runinga ya Japani. Wengi walitarajia kichekesho. Alijiandaa, akashinda kwa pointi.

Lile la bondia Floyd Mayweather na kijana Tenshin Nasukawa, 31 Desemba 2018, silipendekezi kwa anayeanza. Tenshin aliangushwa mara tatu katika raundi moja ya ngumi, akalia machozi. Hakuna tatizo la kutegua pale, ni uzito na uzoefu tu vikimwelemea mtu mdogo.

Hatua ya 6: Sasa mtazame Sapp na Nogueira, lote

Tenga saa nzima, maana utalitazama mara tatu. Zima taarifa za simu.

Mara ya kwanza tazama tu. Mara ya pili mwangalie Nogueira peke yake, hasa nyonga zake. Kila anapolazwa chali hajalala: nyonga zinatoka pembeni, mguu unatafuta bega la Sapp, mkono unashikilia kifundo. Ananasa, Sapp anamnyanyua na kumbamiza chini, anaachia, ananasa tena. Uso unavimba.

Mara ya tatu mwangalie Sapp, lakini mdomo wake. Dakika za mwanzo umefungwa. Kadiri raundi ya kwanza inavyokwenda unaanza kufunguka, mabega yanapanda na kushuka. Kila alipomnyanyua Nogueira alilipa kwa pumzi. Raundi ya pili deni linadaiwa: ngumi zinakuwa za kusukuma, na ule mkono uliokuwa ukichomoka kwa nguvu hauchomoki tena. Nogueira anaunyoosha kwenye kiwiko, Sapp anagonga kwa mkono kukubali kushindwa.

Ndiyo maana nasema kipande cha sekunde kumi hakikuonyeshi pambano. Kule kubwagwa kichwa chini ni sehemu ya gharama aliyoilipa Sapp.

Njia hiyo ya kutazama mara tatu itumie kwa kila pambano la mkubwa na mdogo: nyonga za mdogo, pumzi ya mkubwa.

Na mkubwa naye mpe heshima yake. Akebono, aliyezaliwa Hawaii kwa jina la Chad Rowan, ndiye mgeni wa kwanza kufikia yokozuna, cheo cha juu kabisa cha sumo, mwaka 1993. Kwenye MMA hakuwahi kushinda hata pambano moja. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 54. Kabla hujamtazama akianguka mbele ya Sapp, tafuta mapambano yake ya sumo ya miaka ya 1990, uone mikono ile mirefu ikiwatoa watu nje ya duara kwa pigo mbili.

Hatua ya 7: Tazama moja kwa moja

Tangu 2015 RIZIN limekuwa likifanya onyesho la 31 Desemba. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na sisi Waswahili tuna bahati isiyo ya wengine, kwa sababu namna yetu ya kuhesabu saa inapishana na ya kimataifa kwa saa hizo hizo 6. Bango la Kijapani likisema saa 3 alasiri kwa hesabu yao, kwetu ni saa tatu asubuhi. Likisema saa 5 jioni, kwetu ni saa tano asubuhi. Namba haibadiliki, isome tu kama ilivyo. Bango likiandika 15:00 au 17:00, toa 12 kwanza.

Maonyesho haya huchukua saa nyingi, na pambano kubwa huwekwa mwisho. Chaji simu usiku wa tarehe 30.