Injini Ndogo ya Mvuke ya Silinda Inayoyumba: Jinsi ya Kuitengeneza Nyumbani

Anayeanza namshauri aachane kwanza na injini yenye valvu ya kuteleza na vifimbo vyake vingi. Aanze na ile ambayo silinda yenyewe huyumba kulia na kushoto, na kuyumba huko ndiko kunakofungua na kufunga njia za mvuke. Asije mtu akakuambia ni kichezeo tu: meli ya abiria Diesbar, mjini Dresden, Ujerumani, ina injini ya namna hii iliyotengenezwa Greenwich, London, mwaka 1841.

Unahitaji drili ya kusimama, jiliwa, tupa, venia (kifaa cha kupimia milimita), bikari ya chuma na tapu chache (vyuma vya kukatia nyuzi za skrubu ndani ya tundu). Kama huna lezi (mashine ya kuchongea chuma kikizunguka), pistoni na flaiwili (gurudumu zito linaloendeleza mzunguko) mpelekee fundi wa lezi. Kwake ni kazi ndogo. Vipimo vyote hapa chini ni vya milimita.

Hatua ya 1: Silinda

Kata shaba ya njano ya mraba, 20 kwa 20, urefu 32. Toboa katikati, kwa urefu wake wote, kwa kupanda biti: 6, kisha 9, kisha 9.8, halafu malizia kwa rima ya 10 (kifaa cha kulainisha tundu). Ukiingia na biti ya 10 moja kwa moja tundu litakuwa pana na la pembepembe, na hapo hakuna pistoni itakayoziba.

Chagua ubavu mmoja uwe uso wa mvuke. Kwenye mstari wake wa kati toboa tundu la 2.5, lililo 3 kutoka ukingo wa juu, lipenye hadi ndani ya silinda. Kutoka tundu hilo shuka 15, utoboe la bolti ya egemeo, ambayo silinda itayumba juu yake, kwa biti ya 3.3, kina 4 tu, upige tapu ya M4. Ukuta una unene wa 5, kwa hiyo weka kizuizi kwenye drili. Juu funga kifuniko kwa skrubu nne ndogo, na gasketi ya karatasi iliyolowa oili.

Hatua ya 2: Matundu ya bamba

Hapa ndipo injini nyingi hufia, na kosa haliwi la mikono bali la hesabu. Bamba la shaba lenye unene wa 6 litabeba silinda juu na ekseli ya krenki (mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) chini. Kutoka egemeo hadi ekseli ni 40. Pini ya krenki iko 8 kutoka katikati ya ekseli, kwa hiyo pistoni itatembea 16.

Silinda inapoyumba hadi mwisho, tundu lake husogea pembeni kiasi gani? Chukua 8, zidisha kwa 15, gawanya kwa 40: unapata 3. Basi piga tao la nusu kipenyo 15 juu ya egemeo, uweke alama mbili juu ya tao hilo, kila moja 3 kutoka mstari wa kati. Moja ni ya kuingiza mvuke, nyingine ya kutolea.

Kati ya alama hizo kuna 6, hivyo tundu lisifike nusu yake, yaani 3. Ndiyo maana tunatumia biti ya 2.5. Ukizidisha, silinda ikisimama wima mvuke utapita kutoka tundu la kuingia hadi la kutoka bila kusukuma pistoni. Lehemu vibomba vya shaba nyekundu nyuma ya bamba sasa, kabla ya kusawazisha uso, maana moto hupindisha.

Hatua ya 3: Kusawazisha nyuso

Tandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene, utie mafuta ya taa. Paka uso wote rangi ya makapeni, kisha usugue kwa mzunguko wa umbo la tarakimu 8 bila kukandamiza. Mahali rangi iliposalia pana bonde. Endelea hadi iishe yote, uhamie 800, halafu 1200. Fanya hivyo kwa silinda na kwa bamba. Panua kidogo mdomo wa tundu la egemeo kwa biti kubwa ili ncha zilizoinuliwa na tapu zisiinue silinda. Usitumie dawa ya kusagia valvu za gari. Chembe zake hung'ang'ania kwenye shaba na kuendelea kula.

Hatua ya 4: Pistoni na krenki

Pistoni iwe ya chuma, urefu 10, na mifereji miwili myembamba ya kushika oili. Kutoka kichwa chake, kupitia fimbo yake, hadi katikati ya pini ya krenki iwe 45. Ipake oili, iingize, ziba tundu la mvuke kwa kidole, kisha ivute na uiachie. Ikirudi yenyewe ndani, umefaulu.

Flaiwili ya kipenyo cha 60 inatosha, uzito ukiwa zaidi kwenye ukingo. Mvuke unasukuma upande mmoja tu. Nusu ya pili ya mzunguko ni ya flaiwili.

Hatua ya 5: Upepo kwanza

Funga silinda kwa bolti ya M4, springi na nati nyuma ya bamba. Springi ishike bila kubana: presha ikizidi, silinda itainuka kidogo na kujipumulia. Kama huna kompresa, tumia tairi la akiba la gari, mpira na koki. PSI 10 hadi 15 zinatosha. Sukuma flaiwili kwa kidole. Ikizunguka kinyume na utakavyo, badilisha mpira uende kibomba cha pili.

Boila ni mradi mwingine. Kopo la dawa ya mbu au la rangi lisikaribie moto kamwe. Tumia bomba la shaba nyekundu lililounganishwa kwa lehemu ya fedha, lenye valvu ya usalama, na lipimwe kwa maji baridi hadi mara mbili ya presha ya kazi. Kwa PSI 30 mvuke unafika nyuzi 134 hivi, kwa hiyo hata bomba la kuunganishia linaunguza.

Hatua ya 6: Urembo

Fungua kila kitu. Bamba liondoe mafuta, ziba nyuso za mvuke na bushi ya ekseli kwa selotepu, piga praima ya metali, kisha rangi ya kuhimili joto kwa matabaka membamba. Kijani kilichoiva hukaa vizuri na shaba. Ukingo wa flaiwili na kifuniko viache bila rangi, uving'arishe kwa Brasso, halafu uvioshe kwa mafuta ya taa kabla ya kukusanya, hasa matunduni. Baada ya kila safari ya mvuke, toa maji yaliyobaki na udondoshee oili ndani ya silinda ikiwa bado ya moto.