Maumivu makali na ambulensi bado haijafika? Jaribu kubonyeza pointi hizi

Mtu kateguka mguu au kavunjika mkono, simu ya ambulensi mshapiga, damu haitoki, anapumua vizuri, ila maumivu yanamtesa na wewe uko pembeni hujui ufanye nini. Hapo ndo akupresha, yaani kubonyeza pointi fulani za mwili ili kupunguza maumivu, inasaidia, na nawaomba jamani mjifunze maana haihitaji kifaa, ni vidole tu.

Ila kama damu inatoka nyingi, kupumua shida, kazimia au kifua kinambana, pointi achana nazo kabisa, shughulikia hilo kwanza.

Pointi kubwa iko kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwambie abane hivyo vidole viwili pamoja, pale nyama inapotuna ndo penyewe, halafu aulegeze mkono, weka gumba lako juu na shahada yako upande wa kiganja, bana ukielekea mfupa wa kidole chake cha shahada. Ongeza nguvu taratibu mpaka aseme anasikia pazito panauma kwa mbali, akikunja uso umezidisha. Shikilia dakika 2 au 3 huku anavuta pumzi polepole, achia, rudia. Kama mkono huo ndo umeumia tumia wa pili, na usibonyeze kabisa penye jeraha, uvimbe au palipovunjika. Mjamzito usimguse pointi hii, wataalamu wa akupresha wanaikataza kwa sababu inaaminika inaweza kuamsha uchungu.

Akiwa na kichefuchefu pima vidole vitatu vyake kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani, bonyeza katikati ya zile kano mbili. Mwenye hofu sana bonyeza polepole utosini, lakini sio kama kagonga kichwa au shingo.

Na hii sio stori za mtaani tu. Utafiti uliochapishwa 2002 ulifanywa kwenye ambulensi za Vienna kwa majeruhi 60 wenye majeraha madogo, wengine wakabonyezwa pointi zenyewe, wengine pointi za uongo, wengine hawakubonyezwa, na waliobonyezwa pointi zenyewe walifika hospitali maumivu na wasiwasi vimepungua kuliko wenzao. Maelezo mojawapo yanatoka kwa watafiti wa maumivu Melzack na Wall, 1965, kwamba ishara za mguso na mgandamizo zikifika kwenye uti wa mgongo zinazibia njia zile za maumivu, ndo maana ukijigonga mkono unakimbilia kupasugua.

Cha hatari ni mtu kupata nafuu akataka kusimama. Usimruhusu, maumivu kupungua hakumaanishi mfupa ni mzima, mwache kiungo kimetulia vilevile, na wahudumu wakifika waambie alikuwa anaumwa kiasi gani kabla hujaanza kubonyeza, na dawa ya maumivu wakitaka kumpa apewe tu.