Kuchagua betri ya saa ya kwatsi ya zamani

Mwenye saa ya kwatsi ya miaka ya 1970 au 1980, anapoipeleka kwa fundi katika soko la Kadutu hapa Bukavu, asikubali kuwekewa betri yoyote kwa sababu tu imeingia. Aombe kifuniko cha nyuma kifunguliwe, asome namba ya betri ya zamani, kisha ailinganishe na ile iliyochongwa ndani ya mashine, ikiwapo, maana huenda fundi aliyetangulia aliweka isiyofaa.

Namba kama SR626SW hujieleza: SR ni oksidi ya fedha, 6 huonyesha kipenyo cha milimita 6.8, na 26 ni unene wa milimita 2.6. Betri hiyohiyo huitwa pia 377. Herufi SW zinafaa saa ya mishale. Yenye taa au kengele mara nyingi huhitaji W.

Ninalosisitiza zaidi ni kemikali. Betri za bei nafuu zinazouzwa zikiwa zimepangwa kwenye kadi, AG4 au LR626, hutoshea kabisa, lakini ni za alkali: huanza na volti 1.5 na kushuka polepole, ilhali oksidi ya fedha hukaa karibu na 1.55 hadi inapokaribia kuisha. Tena za alkali huvuja kwa urahisi zaidi, na majimaji yake hula sakiti ambayo leo ni vigumu sana kupata spea yake.

Betri mpya ishikwe kwa kibano cha plastiki, na iliyokwisha isiachwe ndani ya saa hata kama haivaliwi.